Kitasa cha Bafuni

Nilikiondoa mwenyewe, majira ya theluji mwaka ule
alipoangukia ndani na mlango umefungwa,
nikauvunja kwa bega.
Skrubu nne. Tundu lililobaki
nikalizibia kipande cha gazeti.
Tangu hapo, miaka kumi na miwili,
Tuulikki hakuoga peke yake:
mimi nje, juu ya kigoda, nikijifanya nasoma.

Nilikuwa na daftari la jalada jeusi.
Tarehe, saa, mkono upi ulianza,
dakika ngapi. Februari: kumi na moja.
Kile cha Julai, ziwani Näsijärvi, sikukiandika,
kalamu ilikuwa majini pamoja nasi.
Kifafa. Anakufa, halafu anakufa tena,
kisha anaamka, ulimi umeng'atwa,
ananiuliza kama viazi vimeiva.

Alikuwa dereva wa basi la Hervanta.
Walimpa shada la maua, wakachukua leseni.

Sasa upo wewe.
Umelala chini ya mtulinga wake, upande wa kushoto,
mnene kama biskuti mbili zilizobebana.
Nyaya zako zapanda shingoni, zapita nyuma ya sikio,
zaingia kwenye ubongo, gizani, nisikowahi kufika
mimi niliyelala naye miaka ishirini na sita.
Dakika moja watuma umeme wako.
Dakika tano wanyamaza.
Husikiki. Nahesabu tu.

Daktari Kankkunen hukurekebisha kwa kidude cha mkononi
kama mtu atafutaye stesheni ya redio mbali na mji:
ongeza, punguza, hapo, hapana, rudi.
Mara moja alikuzidisha, na Tuulikki
akalia wiki mbili bila msiba.
Tukarudi. Akakushusha nusu volti,
akatabasamu kwenye basi, akamkosoa dereva kwa breki zake.

Hukumponya. Sitakusifu kwa usichokifanya.
Kumi na moja ikawa sita, sita ikawa mbili,
na hizo mbili ni fupi,
kama mtu aliyesahau jina la jirani.

Lakini mlinzi aliyeachishwa kazi hufanya nini usiku?
Saa tisa kamili naamka.
Naweka kiganja pale ulipo, kingo zako zimetuna ngozini.
Wewe una betri, mimi nina kahawa.
Wewe hulali, wala huringi.
Nakuonea wivu, kipande cha chuma:
mimi nilifika baada ya kishindo, kila mara,
na mto mkononi.

Jumamosi akasema, akimenya viazi, bila kugeuka:
"Ensio, kirudishe kitasa."

Nikazitafuta zile skrubu katika kopo la vifungo.
Nikazipata tatu.
Nikapiga bisibisi polepole, kama mtu anayelipa deni
huku akitumaini mdai atasahau.
Ameingia. Kimelia: ta.

Maji.
Kisha si maji.
Dakika moja wafanya kazi. Tano wapumzika.
Ya pili. Ya tatu.
Nakitazama kitundu kisicho na skrubu,
najiuliza kama kweli niliitafuta ile ya nne.
Bega moja lingetosha.
Ya nne.
Kitu kimeanguka ndani,
na bega langu limeshatangulia mlangoni kabla yangu.

"Ni kikombe cha miswaki," amesema Tuulikki.
"Kimeanguka kikombe, Ensio. Nenda ukakae."

Nimekaa.
Kipande kile cha gazeti kilikuwa bado sakafuni,
kimekunjamana, kimekauka kama jani.
Nimekinyoosha juu ya goti.
Bei ya siagi mwaka ule. Tangazo la mashua iliyotumika.
Nusu ya habari ya mtu fulani aliyeshinda kitu fulani.

Nimeisoma yote, nusu hiyo.
Nimerudia bei ya siagi.
Ndani, ameanza kujisugua mgongo.